Nyoka Wangu wa Chemchemi

Nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja nilisema uongo mmoja mkubwa, na kwa miezi kadhaa niliuonea fahari kuliko cheti changu cha shule.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, mlima wa pili ukitoka Gare, nikiwa mhudumu wa afya wa kijiji cha ujamaa. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya majuma machache pale Lushoto, lakini nilirudi nimevimba kichwa kama daktari. Kazi niliyojipa kwanza ilikuwa chemchemi yetu. Pale pale tulipochota maji ya kunywa, kina mama walifulia nguo. Juu yake shamba la mahindi lilikuwa limeshuka mpaka ukingoni, hivyo mvua ikinyesha, tope na samadi vinaingia majini. Watoto waliharisha kila masika. Mwaka ule tulizika wawili, mmoja wao wa dada yangu, na uchungu ule ndio ulionifanya nisiwe na subira na mtu.

Niliitisha mikutano, nikagomba. Niliwachorea vijidudu kwenye karatasi kubwa, na mzee mmoja akauliza mdudu wa ukubwa ule ataingiaje kwenye kibuyu bila kuonekana. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa naelewa kwamba hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka kuamrishwa. Wakoloni waliwalazimisha kuchimba matuta, uhuru ukaja, na sasa binti wa mzee wa kanisa anawaambia wakafulie wapi.

Basi siku moja, nikiwa na hasira zangu, niliwaambia wanawake wawili njiani kwamba nimemwona nyoka kwenye chemchemi. Mkubwa, mweusi, ana kitu chekundu kichwani. Kwetu nyoka wa namna hiyo ana heshima yake. Humuui, humfukuzi, unampisha. Nikaongeza kwamba alipoona sabuni yangu aliinuka, na kwamba nilimkuta amejilaza kwenye matuta ya mahindi hatua thelathini kutoka majini, kama mwenye eneo.

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa na habari. Mchungaji alimkemea nyoka yule kanisani, mwalimu wa madrasa naye akamkemea kwake. Waumini wa pande zote mbili waliitikia vizuri, kisha wakaenda kufulia kijitoni kule chini. Maji yakatulia, yakawa meupe. Masika yaliyofuata hatukuzika mtoto. Nilijiuliza kuna ubaya gani hapo, nikajijibu hakuna. Baba peke yake ndiye aliyenitazama tukiwa tunakula, akasema, "Huyo nyoka anajua sana mambo ya afya." Niliinamia ugali wangu.

Nilichosahau, mimi mzaliwa wa pale pale, ni kwamba kwetu nyoka wa namna ile hakai mahali bure. Lazima awe na mwenyewe. Na lile shamba la juu ya chemchemi lilikuwa la bibi mmoja mjane, hana mtoto, ana mdomo mkali, na hakuna aliyekumbuka amewahi kuugua. Watu wakaunganisha wenyewe. Bibi anafuga nyoka. Na wale watoto wawili waliokufa? Bibi huyo huyo.

Hakuna aliyemwambia usoni. Alijua siku alipoita ngemo, ile kazi yetu ya kusaidiana: unapika, majirani wanakuja na majembe kukulimia, nawe siku yao unakwenda. Nilipita kwake saa nne asubuhi. Chungu cha maharage kilikuwa kimejaa, na hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kulima?"

Nikasema nina haraka. Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo naona aibu.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano. Alitaka bibi ahamishiwe kijiji kipya huko chini, upande wa Mnazi, kwa usalama wake mwenyewe. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nia njema, kama mimi. Lakini mwili uliozoea baridi ya milimani miaka yote ile, ukiupeleka uzeeni kwenye joto na mbu, hauchukui muda. Nilijua kabisa tunampeleka kufa.

Na bado nilikaa kimya kwanza. Nikisema kweli, sabuni inarudi kwenye maji na watoto wanarudi kuharisha. Nikinyamaza, anapotea bibi mmoja. Nilipima hivyo, sitaficha, na kwa kitambo nilielekea kunyamaza. Kisha nikamwona amekaa kwenye benchi la watu wanne peke yake, amevaa kitenge chake cha Jumapili, na watu wamesimama nyuma ilhali nafasi ipo.

Nikainuka. "Nyoka hakuna. Nilimtunga mimi."

Mama mmoja akaruka, "Hakuna vipi? Mimi mwenyewe nimemwona!" Mwingine naye alikuwa amemwona, tena na mtoto wake. Nilibishana na watu kuhusu nyoka wangu mwenyewe mpaka sauti ikakauka, na wao ndio walionekana wakweli. Mwishowe baba akasimama, akavua kofia.

"Huyu binti yangu ni mwongo," akasema. "Nasema kama mzee wa kanisa."

Hapo ndipo waliponiamini. Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka kwa mwenyekiti. Alifuta shauri la Mnazi, akanipa mimi adhabu ya kupalilia shamba la shule mwezi mzima. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuitwa mwongo. Nilitoka pale mzigo umeshuka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa bibi na jembe. Nikaanza kulima. Wengine wakaanza kufika mmoja mmoja, na kufikia saa sita mstari ulikuwa umejaa. Wakati wa kula nilipiga magoti mbele yake, nikaomba radhi, nikamweleza nilichokuwa nakitaka: ukingo uachwe bila kulimwa, ipandwe miti.

"Hatua ngapi?" akauliza.

"Thelathini, bibi."

Aliinuka na fimbo yake, akashuka mpaka majini, akageuka, akaanza kupanda akihesabu kwa sauti katikati ya mahindi yake. Alipofika thelathini akaongeza tano, akaichomeka fimbo ardhini.

"Panda hapa. Na hao wenye sabuni niachie mimi." Kisha akanigeukia. "Mikutano yote ile, we mndee, binti wewe, na shamba ni langu. Hukuja hata siku moja kuniomba."