Dobi Aliyefungua Mlango Mara Moja

Dobi wa hoteli ile ya ufukweni alikuwa na desturi ya kujicheka kabla hajachekwa. Kitambi chake alikiita mzigo wa mgeni aliyesahau kurudi kuuchukua, na uvivu wake alisema ni kipaji. Kila mchana, akishashiba, alijifungia ndani ya chumba cha kufulia, akajilaza juu ya rundo la mashuka yenye joto la mashine na kuuchapa usingizi. Msimamizi wake, mama mmoja asiyecheka hovyo, akija kugonga, dobi alifungua amekumbatia mashuka.

"Nilikuwa nayahesabu, mama."

"Kwa shavu? Mbona lina mikunjo?"

Siku magaidi walipoingia ufukweni na kuwamiminia risasi watalii, yeye alikuwa amelala fofofo. Mashine zilikuwa zikinguruma, hakusikia kitu mpaka mlango ulipogongwa kwa ngumi. Akajifuta mate, akakamata mashuka, akafungua. Wageni saba waliovaa nguo za kuogelea wakamvamia, mmoja akivuja damu begani.

"Nilikuwa nayahesabu," akawaambia, maana ulimi ulikuwa umeshajiandaa.

Ndipo aliposikia milio. Akafunga mlango, akazima mashine, akajibanza nao hadi askari walipokuja kuwatoa. Nje walikuwa wamekufa watu kumi na mmoja.

Gazeti likamwita shujaa, meneja akampa cheti. Mkewe alikitundika sebuleni, kisha akamtazama kwa chati.

"Baba watoto, si ni wewe unayepanda kitandani panya akipita?"

Dobi alicheka kuliko wote. Kila aliyemsifu alimweleza wazi kwamba alifungua kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na watu wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri kuliko kofia ya kazi. Kisa hicho akakisimulia kila mahali, lakini kila mara alikikatiza palepale wageni walipoingia. Kilichofuata kilikuwa kinamtafuna, na hakukuwa na mzaha wa kukifunika.

Msimamizi alipigwa risasi ya paja siku ile. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, dobi alifika mlangoni kwake mara mbili akarudi. Mara ya tatu akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, wale wageni niliwafungulia nikidhani ni wewe umekuja kunifumania."

Mama asiyecheka hovyo akaangua kicheko, akashika paja kwa maumivu, akacheka tena. Dobi angeweza kuishia hapo. Shetani alimshauri hivyo, na mara nyingi walikuwa wakielewana.

"Halafu mlango ukagongwa tena," akasema. "Safari hii uliita, nikajua ni wewe. Sikufungua."

Kicheko kikakatika. Mama akawa anaitazama fimbo yake ya kutembelea.

"Nilijua," akasema. "Nilikusikia ukiwanyamazisha wageni."

Machozi yakamtoka dobi, naye hakuyafuta.

"Nimelala pale hospitali miezi miwili," mama akaendelea, "nikijiuliza, ningekuwa ndani mimi, je, ningefungua? Mpaka leo sijapata jibu. Usinidhanie nimekusamehe, baba. Bado."

Akanyoosha mkono.

"Haya, nisimamishe. Daktari kasema nitembee hadi getini na kurudi, na peke yangu naogopa."