Mashine Iliyojua Kungoja

Walisema sitadumu mjini. Walisema diploma ya ng'ambo haichemshi chai, na kwamba aliyeondoka Kibera kwa mchango atarudi Kibera kuchangiwa tena. Seremala niliyepanga naye chumba mtaani Kawangware 46 alinipokea kila jioni kwa salamu ileile: "Niaje, mzungu? Leo wamekuandika wapi?"

Hawakuwa wameniandika popote. Viatu vyangu vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha soli kwa kupanda ngazi za maofisi, na kila ofisi iliniuliza kama najua mitambo ya ujumbe wa sauti, ile inayopokea simu ofisi ikiwa imefungwa na kuhifadhi maneno ya mteja. Diploma yangu ilikuwa ya ufundi wa simu, tena ya alama za juu, nasema bila haya. Lakini mitambo hiyo ilikuwa mipya, na mimi kwayo nilikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Chuo kimoja mjini kilifundisha mitambo miwili, kila mmoja na ada yake. Ule mkubwa ndio wote walioukimbilia. Mdogo ulikaa pembeni ukipigwa na vumbi. Nilikwisha kukopa kwa seremala, kwa mwenye nyumba, na zaidi ya wote kwa shangazi yangu, muuza makaa wa Silanga, kule Kibera. Nilikuwa na ada ya mtambo mmoja tu, na hakukuwa tena na mtu wa kunikopesha.

Shangazi alikataa kubaki nyumbani. "Nataka kuona pesa yangu inaingia tumbo gani," alisema, akajifunga kitambaa chake cha kanisani tukaenda.

Mwalimu alimpa simu ya mtambo mkubwa ajaribu. Sauti ya mwanamke ikamwambia aache ujumbe baada ya mlio.

"Haloo! Habari ya huko?" shangazi akasema, kisha akanyamaza angoje jibu, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Mashine ikakata.

"Amenikatia! Huyu mama hana adabu. Hata hajauliza watoto wangu."

Darasa zima lilicheka. Mimi, pamoja na uchovu wangu, niliuliza kwa nini imemkatia. Mwalimu akaeleza kwamba mashine ikisikia kimya hudhani mtu ameondoka. Kwenye mkubwa, kimya hicho kilipangwa kiwandani na hakirefushwi. Kwenye mdogo hurefushwa, ukijua pa kubonyeza. Akakirefusha. Shangazi akasalimu, akangoja, akakohoa, akasalimu tena, ndipo akaeleza habari za makaa yaliyolowa mvua. Mashine ikamvumilia mpaka mwisho.

Nikalipa ada ya mdogo.

"Umesoma kwa wazungu halafu unachagua ya maskini?" seremala alinicheka. Nilivua viatu nikalala.

Nilimaliza masomo, nikazunguka tena miezi kadhaa. Kisha kampuni moja ya mbegu ikaniita: wakulima walikuwa wakilalamika kwamba simu inawakatia wakiwa bado wanasalimia. Mtambo wao ulikuwa ule mdogo. Niliurekebisha kabla chai yao haijapoa. Ofisi nyingine zikasikia. Wale wa mtambo mkubwa walikuwa wengi, wakigombania kazi chache. Wa mdogo nilikuwa mimi tu. Nilitembea ofisi hadi ofisi na mkoba wangu wa vifaa mpaka mgongo ukapinda, na sijaona aliyeujua mtambo huo kama mimi.

Siku ya kulipa madeni nilivaa suti niliyoichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Soko la Toi. Nilianza kwa mwenye nyumba. Seremala alipokea chake, na kwa mara ya kwanza hakuniita mzungu. Nikateremka Silanga kwa shangazi, nikamwekea pesa yake mkononi. Hakuitazama.

"Na yule mama wa simu," akauliza, "siku hizi anangoja watu?"

"Anangoja, Shangazi."

"Vizuri. Sasa kaa chini. Nyumbani kwako kukoje?"

Nilikaa juu ya gunia la makaa na suti yangu nzima. Nilitaka kumjibu, lakini usingizi ulinikamata. Alingoja mpaka nilipoamka.