Mbuzi wa Kumkomboa Mbeyu

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika ile shule ya binafsi ya Kilifi, nilidhani dereva amenishusha hotelini. Askari wa langoni alinipigia saluti, mimi mwalimu wa Kiswahili niliyebeba mkoba wa ukili. Bahari ilikuwa pale pale chini ya ukuta, lakini walikuwa wamechimba bwawa la kuogelea, na kando yake wakachimba jingine la watoto wadogo. Farasi walikuwa na daktari wao. Nikiwa bado nawashangaa farasi, helikopta ikatua uwanjani, akashuka mtoto amekumbatia mto wake wa kulalia, nayo helikopta ikaruka na mzazi wake kabla mtoto hajamaliza kupunga mkono. Nilisema Subhanallah peke yangu, na neno hilo nililisema mara nyingi katika miaka niliyokaa pale.

Nyinyi walimu vijana mnaponiuliza nilianzia wapi, nawajibu nilianzia Ganda, katika shule ya serikali, ambako tulikuwa na ubao mmoja uliopasuka katikati. Mwalimu Mkuu wa Ganda alikuwa mzee mkali asiyecheka mpaka mvua inyeshe. Aliniambia, "Binti, azimio la kazi likikushinda, darasa nalo litakushinda." Azimio la kazi ni mpango wa muhula mzima, wiki kwa wiki, na andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja. Niliyaandika yote mawili kwa mkono, Ganda na baadaye Magarini, na nashukuru, kwa sababu nilipofika Kilifi watu walitaka kujua kila dakika yangu inakwenda wapi. Wazazi walikuwa wamelipia.

Kuhusu mshahara nitasema neno moja tu: maji ya kifuu bahari ya chungu. Kilichokuwa kidogo kwao kiliniezekea nyumba yangu Malindi.

Wanafunzi wale walinistaajabisha kuliko majengo. Mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa amepanda ndege mara nyingi kuliko Mwalimu Mkuu wa Ganda alivyopanda basi. Walijua kuogelea, kupanda farasi, kupiga kinanda, kusema mbele ya hadhara bila kutetemeka. Lakini nilimwona kijana mrefu kunizidi akisimama mbele ya ganda la yai la kuchemsha, hajui alianzie wapi, kwa kuwa maisha yake yote mayai yalimfikia yamemenywa. Nilimmenyea. Aliniambia asante kwa adabu nzuri, akala.

Baada ya muda nilipewa ulezi wa bweni. Mlezi wa bweni ni mwalimu anayeishi mlango mmoja na wanafunzi, awe mzazi wao pale wazazi hawapo, na wazazi wa pale hawakuwapo kweli. Hapo ndipo nilipoiona shule kwa ndani. Wanafunzi walikuwa na sheria zao, na ya kwanza ilikuwa kwamba hasemi mtu. Aliyesema aliitwa mchongezi na alisusiwa: hakuna wa kukaa naye mezani, hakuna wa kumpa salamu, mpaka muhula uishe. Niliona msichana akila peke yake kwenye meza ya watu kumi, mbele yake nyama ya kuoka na matunda ya kila rangi, machozi yakimtiririka kwenye sahani. Nilipomuuliza ana nini, alisema ni pilipili. Siku hiyo hapakuwa na pilipili.

Sheria ya pili ilikuwa mnada. Kila mwanzo wa mwaka, wanafunzi wageni walipandishwa juu ya meza kubwa ya bwalo, na wale wa madarasa ya juu wakawanunua kwa chokoleti. Aliyenunuliwa alimtumikia mnunuzi wake muhula mzima: kumbebea mkoba, kumtandikia kitanda, kumletea chai. Walimu walijua. Wengine walikuja kutazama. Nilipomwendea Mwalimu Mkuu, mtu wa bara, mpole, aliyesomea ng'ambo, alitabasamu.

"Mwalimu Mwanaidi, huo ni mchezo. Ulikuwapo kabla yangu na yako. Unawafunza unyenyekevu."

"Wafunzwa unyenyekevu wale wanaouzwa, bwana," nikamwambia. "Na wale wanaonunua wafunzwa nini?"

Aliitazama saa yake kwa heshima, nikajua nimeagwa.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu akaja Mbeyu. Alitoka Magarini, kwao wakulima wa mahindi na mihogo, naye alikuwa na akili ya hesabu iliyowafanya wafadhili wamlipie kila kitu, hata viatu. Alilelewa na nyanya yake, ambaye yeye alimwita hawe, kama Wagiriama wanavyosema. Mbeyu alitaka kuwa mhandisi wa kuchimba visima. Aliniambia hivyo siku ya kwanza bila kuulizwa, kama mtu anayetaja jina lake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha watoto ambao hawakuwa na haja ya kutaka chochote, na huyu alinifanya nikae wima kitini.

Alipandishwa mezani kama wengine. Alinunuliwa na Ryan, mwana wa mwenyekiti wa bodi ya shule, kwa maboksi mawili ya chokoleti. Mbeyu hakulalamika. Nilipomwita pembeni alisema, "Mwalimu, kubeba mkoba si kazi. Kwetu nimebeba maji. Niache nisome tu." Ryan mwenyewe hakuwa mtoto mbaya, na hilo lilinitatiza zaidi. Alikuwa mwenye haya, na siku za wazazi alikaa maktabani ili asionekane kwamba hakuna aliyemjia.

Siku ya wazazi kutembelea, magari yalijaa mpaka kwenye uwanja wa mpira. Katikati ya magari hayo akaingia Hawe Kadzo, nyanya yake Mbeyu, kwa miguu, amejifunga leso mbili, ana kikapu cha maembe. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaenda kumtafuta mjukuu. Tulimkuta kwenye kibaraza cha maktaba, amebeba mikoba miwili, wake na wa Ryan.

"Huo mwingine wa nani?" Hawe Kadzo akauliza.

Ryan ndiye aliyejibu, kwa furaha, maana aliniona na alitaka nisikie Kiswahili nilichomfundisha. "Ni wangu, bibi. Huyu ni mtumishi wangu. Nilimnunua mnadani."

Sarufi yote ilikuwa sawasawa. Ningemwomba Mungu ardhi impasukie, na mimi niliyemfundisha nimfuate.

Hawe Kadzo hakupandisha sauti. Alikitua kikapu chini, akamtazama yule kijana, akauliza, "Umemnunua kwa kitu gani?"

"Chokoleti. Maboksi mawili."

"Na babako yuajua?"

"Baba hajui mambo ya shule," Ryan akasema, na haya ikamrudia.

Bibi akanigeukia mimi. "Mwalimu, mtoto aliyenunuliwa simwachi hapa. Naenda naye."

Mbeyu akapiga magoti pale pale kwenye saruji. "Hawe, ni mchezo. Nikiondoka nafasi yangu itachukuliwa. Niache, nakuomba."

"Mchezo nimeusikia," bibi akasema. "Basi kaa, usibebe kitu cha mtu. Nitarudi kesho kutwa nije nikukomboe. Nikishindwa kukukomboa, tutakwenda nyumbani."

Yanipasa nieleze hapa, kwa wasiojua. Zamani za njaa kubwa, watu wa bara ya Malindi walipokosa chakula kabisa, waliwapeleka watoto wao pwani kwa wenye mashamba na maghala, wakawaweka rehani kwa nafaka. Mtoto alitumikia nyumba ile mpaka wazazi wapate mbuzi au ng'ombe wa kumkomboa. Kukomboa kulikuwa na taratibu zake: mwenye kupokea apokee kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto yu huru. Bila hayo, mtoto hakuhesabiwa amerudi. Haya niliyajua tangu utoto wangu, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizopokea.

Bibi alirudi kama alivyosema. Alikuwa na mbuzi jike mweupe, mnene, na wazee wawili wa kwao. Wakaketi chini nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, na mbuzi akaanza kula maua ya shule.

Mwalimu Mkuu alitoka akicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, tumemwachilia Mbeyu. Hana kazi yoyote tena. Rudi na mbuzi wako."

"Sikuja kuomba, bwana," Hawe Kadzo akasema. "Nimekuja kukomboa. Aliyemnunua ni mtoto, hawezi kupokea. Namtaka baba yake."

"Mwenyekiti ni mtu mwenye shughuli nyingi sana."

"Tutangoja."

Mwalimu Mkuu aliniita ndani. Aliogopa wapiga picha, aliogopa bodi, na akasema kama bibi hatoondoka itabidi Mbeyu arudishwe kwao, kwa kuwa familia yake haielewi shule. Nilimwomba anipe simu nimpigie mwenyekiti mimi. Akanipa, nadhani kwa kutaka balaa liwe la mtu mwingine.

Mwenyekiti aliposikia habari aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mwambie nitalipa. Ataje anachotaka."

"Hataki kulipwa, bwana. Yeye ndiye ataka kukulipa wewe."

"Anilipe nini?"

"Mbuzi. Mwanao amemnunua mjukuu wake."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Ryan amemnunua mtu?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Na nyinyi mlikuwa wapi?" Mimi nilikuwa pale pale, na nadhani naye hakuwa na haki ya kuuliza, lakini aliuliza.

Alikuja siku ile ile, alasiri, na suti yake ya ofisini. Hawe Kadzo hakumpa hata nafasi ya kusema. Alimsimamisha mbele ya wazee, mbele ya Mwalimu Mkuu, mbele ya wapishi na wanafunzi waliojazana madirishani, akamweka kamba ya mbuzi mkononi.

"Umepokea?"

"Nimepokea, mama."

"Mtoto ni wa nani?"

Mtu yule mkubwa, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa maktaba, alijibu kama alivyoulizwa. "Ni wako, mama. Yu huru. Nisamehe."

Nimeona ndege na majumba na arusi za watu wakubwa, lakini kilichonisisimua mwili ni yule bibi wa leso mbili aliyemwambia tajiri aseme, naye akasema. Mbeyu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mwenyekiti akabaki ameshika kamba. "Sasa huyu nimfanye nini?" akauliza.

"Ni wako," bibi akasema. "Mchinje, ule na mwanao. Mtoto wako ana njaa."

Mpishi mkuu alimchinja nyuma ya jiko. Baba na mwana walikaa kwenye benchi la wapishi, wakala kwa mikono, na Ryan hakuyaondoa macho usoni mwa babake. Mwaka uliofuata wageni walipokuja, nasikia meza ya bwalo ilikuwa ya kulia chakula tu. Hakuna aliyetoa amri niliyoisikia. Mbeyu alibaki, akafaulu, na sasa yuko chuo kikuu akisomea visima vyake.

Mimi nilistaafu mwisho wa mwaka ule wa mbuzi. Walinipa saa ya ukutani na hotuba. Watu huniuliza kama niliuonea utajiri ule wivu, nami husema hapana, niliustaajabia, na bado naustaajabia, kama mtu anavyoustaajabia moto mkubwa bila kutaka kuukaribia. Lakini jambo moja lilinikaa moyoni, na mwaka jana nikapanda gari kwenda Magarini kumwona Hawe Kadzo. Nilimwambia wazi kwamba nyumba yetu ya Malindi ilipokea watoto wa rehani. Nikamuuliza alijuaje la kufanya siku ile, upesi namna ile.

Alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuacha. "Nyanya yangu alipelekwa pwani wakati wa njaa," akasema. "Baba yake akaja kumkomboa. Walikwenda wasichana wawili, mwalimu. Yeye na dada yake. Mbuzi alikuwa mmoja."

Nikamuuliza yule dada aliishia wapi.

"Alibaki kwenu. Aliolewa huko huko, akasilimu, akazaa. Watoto wake hatuwajui." Hapo akaacha mahindi, akanitazama usoni, paji la uso na pua na kidevu, bila haraka. Akaniuliza bibi yangu mzaa mama aliitwa nani. Nikamtajia. Akaniuliza na mamake bibi huyo, yeye aliitwa nani, na alitoka wapi.

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sijui. Kwetu hakuna aliyepata kumtaja.

Hawe Kadzo akasogea kwenye mkeka, akanipisha nikae.