Fundo la Mzee kwenye Mteremko wa Rubondo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushuka mlima hata mara moja nikiwa juu ya baiskeli. Nilipewa baiskeli tupu, nikaambiwa niisukume hadi kileleni, niigeuze, nirudi nayo kwa miguu. Mara sita. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tukimbie Kivu Kusini na kupewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nami nilijiona hodari wa baiskeli kuliko wote. Nilikasirika kwelikweli.

"Muguu ijue mulima kwanza," alisema mwenyekiti wa washushaji. "Baiskeli itakuja nyuma."

Ninyi mnaopanda boda boda na kuingia Mbarara kabla chai haijapoa, kazi hiyo hamkuiona. Njia ya kutoka mjini ilikuwa na mteremko mkali wa mawe, wenye kona mbili, na chini yake palikuwa na kisima cha pampu. Mwenye mzigo alisukuma baiskeli yake mpaka juu, lakini kuishusha aliogopa. Hapo ndipo alipotuita sisi. Tulishuka na baiskeli na mzigo wake, yeye akapita njia ya mbuzi kwa miguu, akavikuta chini. Kisha tukapanda tena kumshushia mwingine.

Mwenyekiti alikuwa Mnyankore, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Makenke. Tulimwita Afande, ingawa cheo kilichobaki ni hicho tulichompa sisi. Alitufundisha breki tatu. Ya kwanza ni kisigino: unavaa kiatu cha tairi, unakandamiza gurudumu la nyuma mpaka unasikia harufu ya mpira unaoungua. Ya pili ni gogo bichi lililofungwa nyuma kwa kamba, linaloburutwa ili kupunguza mbio. Ya tatu ni ukingo wa udongo kando ya njia, na huo unauendea pale tu usipokuwa na njia nyingine. Halafu kulikuwa na sheria moja: mshushaji hashuki na fundo la mtu mwingine. Hata mzigo ukiwa umefungwa vizuri, unaufungua na kuufunga upya mwenyewe kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu. Aliyevunja sheria hiyo alirudisha viatu vya tairi na kwenda kulima.

Niliipenda kazi ile, sifichi. Upepo ulipojaa shatini nilisahau foleni ya posho, nikasahau na tulikotoka. Mke wangu alinicheka kwamba nilikuwa nikirudi nyumbani natabasamu peke yangu.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne bila kuangusha hata dumu pale mzee wa kanisa letu alipofika kileleni na mabati. Waumini walikuwa wamechanga ili tuondokane na turubai. Aliyaviringisha na kuyafunga mwenyewe kwenye keria. Mzee huyo ndiye aliyemzika mama yangu njiani tulipokuwa tunakimbia. Nilishika mpira ili nifungue.

"Unafungua nini, mutoto wangu?"

"Ni sheria ya kazi, muzee."

"Mimi nilifunga ngombe mbele wewe uzaliwe. Fundo yangu haitoke. Ao unaona nimezeeka?"

Watu walikuwa wanatutazama. Niliona haya, nikaliacha.

Kona ya kwanza nilipita salama. Kwenye ya pili mabati yaliteleza mbele, yakanigonga kiunoni, na kisigino kikatoka kwenye gurudumu. Gogo peke yake halikutosha. Chini, wanawake walikuwa wamepanga madumu yao kisimani, na baiskeli ilikuwa inawaelekea wao moja kwa moja. Niliingia ukingoni. Goti langu la kulia lilivunjika palepale.

Afande alikuja mbio, akaokota mpira. "Nani alifunga hii?"

"Mimi, Afande," nikajibu.

Aliligeuza lile fundo mkononi. "Hii ni ya ng'ombe. Wewe, ng'ombe yako iko wapi?"

Mzee alikuwa amesimama hapo hapo, kimya. Afande hakuuliza tena. Alinivua viatu vya tairi kwa mikono yake, taratibu kwa sababu ya goti, akaondoka navyo. Nililia zaidi kwa ajili ya vile viatu kuliko nilivyolilia goti.

Mzee alinifuata hospitalini Mbarara, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilijua ni fundo yangu. Nilinyamaza juu niliona haya. Lakini na wewe, ungefungua tu! Ningekasirika siku moja, siku mbili. Sasa utachechemea maisha yako yote."



Nilipopata nafuu, Afande alinipeleka Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara kwenye barabara ya Kabale, ambako wabebaji walipakia ndizi. "Wewe sasa unajua fundo," aliniambia. "Kaa hapa, funga." Nilifunga miaka mingi, nimekalia kreti. Sikushuka tena mlima wowote, na kila nilipomwona mtu akiteremka kwa kasi, roho iliniuma.

Boda boda zilipochukua mizigo karibu yote, nilistaafu. Nilirudi Rubondo nikisukuma baiskeli, gunia la vyombo vyangu nimelifunga mwenyewe. Kwenye mteremko wetu alikuwa amebaki mshushaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu. Alishika mpira wangu, akatazama mvi zangu, akauachia.

"Hii yenu siiguse, muzee. Hakuna mwenye anafunga kama ninyi."

Sifa ile ilikuwa tamu, nakiri. Niliacha initekenye kidogo. Kisha niliinama, nikafungua fundo langu mwenyewe, nikamwekea mpira mkononi.

"Funga yako," nikamwambia, nikaanza kushuka taratibu kwa njia ya mbuzi.