Uji wa Nisse Usio na Siagi

Hadithi ya Nisse, yule kibwengo mzee wa zizini anayenyimwa siagi kwenye uji wake wa Krismasi, imetengenezwa filamu mara nyingi mno. Oddrun, fundi wa kuchezesha vikaragosi, alishiriki katika tatu, na katika zote alichezesha ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hana kazi kubwa: Nisse akikosa siagi hupandwa na hasira, humzaba kofi, naye huanguka. Oddrun aliangusha ng'ombe mpaka akaota mvi.

Kwa hiyo Solfrid, mwongozaji, alipomkabidhi Nisse mwenyewe, kikaragosi cha kimo cha chupa ya maziwa, Oddrun alijifungia chooni akalia kwa furaha, kisha akatoka akidai ana mafua.

Birk, kijana wa kazini mwao, naye alikuwa akimtaka Nisse. Alikuwa fundi mzuri, tatizo lake mdomo.

"Mama, Nisse ana miguu miwili, unakumbuka?" alimwambia Oddrun. "Usije ukamtembeza kwa minne."

"Na wewe una mdomo mmoja. Upumzishe."

Solfrid hakucheka. "Oddrun, nakupa tukio la uji. Ukiliharibu, Nisse anakwenda kwa Birk. Televisheni wanaingoja filamu, na mimi sina muda wa kubembelezana."

Kazi yenyewe ni ya kuchosha roho: unasogeza nyusi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Siku nzima ikaishia kwenye mzee kuchungulia bakuli na kukasirika. Jioni wakakaa kutazama. Nisse akainama, nyusi zikaanza kushuka vizuri. Halafu, katikati ya hasira, siagi ikatokea kwenye uji, naye akazidi kununa kama mgeni asiyeridhika na chochote.

"Nani kaweka siagi?" Solfrid akauliza.

"Unauliza?" Oddrun akasema. "Birk huyo hapo, mwenye ndevu. Ananionea kijicho tangu tuanze."

"Mimi? Sijakanyaga humo leo, mama, usinizushie."

Solfrid akarudisha nyuma picha moja moja. Katika mojawapo kulikuwa na mkono mkubwa ukishuka kutoka juu na kipande cha nta ya manjano, ile iliyowekwa kando kuwa siagi ya tukio la mwisho, Nisse anapopata haki yake. Mkono ulikuwa umevaa sweta ya kijani. Watu wote wakageuka kuitazama sweta ya Oddrun.

Alitamani ardhi ipasuke. Tangu utotoni, shambani kwao, yeye ndiye aliyempelekea Nisse bakuli la uji zizini kila mkesha wa Krismasi, na siagi haikukosekana hata mara moja. Mpaka leo huweka bakuli kwenye ngazi za nyumba yake, akiwaambia majirani ni la paka. Mkono ulikuwa umeona uji mtupu ukafanya yake bila kumuuliza, na ule mwingine ukabonyeza kitufe cha kamera.

"Birk, nimekusingizia. Nisamehe," akasema. "Solfrid, mpe yeye huyu Nisse." Lakini alikuwa amekikumbatia kikaragosi kwa mikono yote miwili.

Birk akanyoosha mkono.

"Acha, Birk," Solfrid akasema. "Wewe utamnyima siagi huku unapiga mluzi. Mimi nataka anyimwe na mtu ambaye itamuuma. Oddrun, kesho unarudia. Na hiyo nta nipe niitie mfukoni."

Kesho yake, kila alipomsogeza, Oddrun alinong'ona, "Vumilia, babu." Na jioni wakakaa tena kutazama. Nisse akachungulia bakuli. Akainua kichwa, akatazama nyumba ya wenyeji wake iliyojaa taa, kisha akachungulia tena, pengine hakutazama vizuri. Ndipo nyusi zikashuka.

Hakuna aliyecheka. Solfrid alikohoa, akasema anakwenda kuchukua kahawa.

Birk akainuka akaenda jikoni. Akarudi na siagi halisi kwenye ncha ya kisu, akaiweka ndani ya bakuli mbele ya Nisse, kisha akaanza kukunja nyaya, mgongo amewapa wenzake.

"Birk," Oddrun akamwambia taratibu, "uji huo ni gundi."

"Najua, mama. Niache."