Mafuta ya Nazi Ndani ya Silinda

Niliipaka injini ya mashindano mafuta ya nazi. Si kwa nje, ambako ingeng'aa tu watu wakacheka yakaisha. Niliipaka ndani, kwenye tundu nne za silinda ambazo fundi wa Mombasa alikuwa ametoka kuzikereza zikawa laini kama kioo. Nilipaka kwa kidole, taratibu, bismillahi nimesoma, kama ninavyompaka mtoto mchanga akishakoshwa. Kisha nikaifunika kwa kanga kuukuu na kujiona mtu wa maana sana.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nakuna nazi, nachuja tui, napika mafuta, nauza hapa hapa mlangoni kwangu Mkongani. Kombani sokoni naenda mara moja kwa wiki, na nikirudi nalalamika kama niliyetoka kuhiji kwa miguu. Mafuta yangu ndiyo dawa ya kila kitu: mlango ukilia, kisigino kikipasuka, sikio likiuma. Kwa hiyo mtu akiniachia chuma na kuniambia kisipate kutu, mkono wangu unajua wenyewe pa kwenda.

Injini ilikuwa ya mdogo wangu. Yeye alikuwa fundi wa magari Ukunda, kwenye gereji isiyo na paa nyuma ya Kona ya Musa, na macho yake yalikuwa yanakufa. Tulianza kuona mambo madogo. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango aliouingia tangu utotoni. Ukimpa kikombe kutoka ubavuni, hakipokei. Ikikaribia magharibi anatafuta sababu ya kutotoka. Siku moja akamparuza kwa gari ya mteja mtu wa mkokoteni aliyekuwa kando yake kabisa, wala hakumwona. Ndipo akaenda kwa daktari wa macho. Akaelezwa kwamba ugonjwa wake unaanza pembeni, unakuja katikati kidogo kidogo, na dawa hauna. Alibakiwa na duara la mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Duara lenyewe lingefungwa baada ya mwaka, labda miwili, Mungu ndiye ajuaye.

Aliacha kuendesha. Wenzake aliwaambia amechoka na barabara. Mimi aliniambia ukweli, halafu wiki chache baadaye akaja na jambo lake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo una sura ya mtu anayetaka kitu."

"Kuna mbio za gari zisizo na kona. Mnasimama wawili, katikati pana ukuta. Taa ikiwaka kijani mnaondoka. Robo maili, basi."

"Mkifika mnafanya nini?"

"Mnasimama."

"Halafu?"

"Mnarudi pole pole."

"Si ungekaa tu pale pale ulipoanzia?"

Alicheka sana. Alipomaliza kucheka akasema, "Ni za mbele tu, dada. Pembeni hakuna anayekuuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kumkataza, badala yake nikamuuliza ni lini. Alitaka mara moja tu, kabla bomba halijaziba. Watu wa magari wa Mombasa hukodi kipande cha lami huko bara na kufanya mbio hizo mara moja kwa mwaka, mvua za masika zikishakwisha. Gari alikuwa nalo, dogo, bovu, aliloachiwa na mteja aliyekata tamaa. Injini ndiyo haikuwako, na pesa ndiyo kabisa.

Basi nikaleta daftari. Nina kidato cha nne, na fizikia nilipita, jambo ambalo ukoo wetu mpaka leo unaliona kama muujiza usioelezeka. Nikawa mhandisi. Nikipumzika kukuna nazi nasoma kwenye simu, naandika, na akija Jumapili namsomea. Mwanzoni nilitaka turbo, ile ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Nilitaka na mtungi wa gesi ile inayomfanya mtu aruke na kiti chake. Aliniacha nimalize kurasa tatu.

"Dada, wewe unamvisha bi harusi dhahabu na hajaoga."

"Sasa mimi nimekosa nini?"

"Pesa ikiwa kidogo inaingia pasipoonekana. Silinda, pistoni, beringi, pampu ya oili. Ukitia nguvu juu na chini hapajashika, injini inakutapikia vyuma barabarani."

Nikafuta, nikaandika upya. Krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, tungebaki nayo ile ile, isawazishwe tu izunguke bila kutetemeka. Kichwa cha injini kingechongwa kidogo ili hewa na petroli vibanwe zaidi; hiyo ni nguvu ya bei ya chini, unamlipa fundi wa kuchonga na kununua gasketi. Kabureta za kisasa, za kuchanganya hewa na petroli, hatuziwezi, kwa hiyo tukatafuta nne za pikipiki, moja kwa kila silinda. Na kwa kuwa gari jepesi ni sawa na injini kubwa, tulilivua kila kitu. Kiti chake cha nyuma kiko barazani kwangu mpaka leo, wageni wanakikalia na kukisifu.

Bloki, lile pande la chuma lenye tundu za silinda, ndiyo ilitusumbua. Tulipata moja kwenye vyuma chakavu, imekwisha kukerezwa mara mbili huko nyuma. Fundi wa Mombasa aliikereza ya tatu na akasema wazi kwamba hii ndiyo ya mwisho, ukizidi hapo kuta za silinda zitakuwa ganda la yai. Mdogo wangu aliileta kwangu kwa sababu pale gereji vyuma vina miguu. Akaniachia mkebe wa grisi.

"Ipake nzito, dada. Nzito. Funga na nailoni, usiiguse mpaka nije."

Mkebe nikaufungua, nikanusa. Katika stoo nilimoiweka bloki mlikuwa na chupa zangu za mafuta, na jirani yangu wa ukuta wa pili, mteja wangu wa kwanza na mkosoaji wangu wa kila siku, alikuwa amekwisha kusema mafuta ya juzi yananukia moshi. Nikitia na grisi si atasema nauza gereji? Nikaufunga mkebe. Yaliyofuata nimeyasema.

Masika ikaingia. Pistoni na ringi zilikuwa zinangojwa kutoka Mombasa, zikachelewa. Kila alipouliza habari ya bloki nilimjibu, "Imelala vizuri." Na mimi sikudanganya, nilikuwa naamini hivyo. Sikufunua kanga hata mara moja kwa sababu aliniambia nisiiguse. Katika maagizo yake yote, hilo ndilo nililoamua kulishika.

Pistoni zilifika, akaja nazo zimefungwa kwenye karatasi kama halua. Tukaenda stoo. Nilifunua mimi. Panya walikuwa wamezaa mle ndani. Mafuta yangu yaliwaita, wakaja, wakalamba, wakatandika vitambaa vyao, wakakojoa miezi mitatu. Na mafuta ya kupikwa nyumbani hayakosi maji kidogo ndani yake, hilo nalijua mimi kuliko mtu yeyote Mkongani. Kutu ilikuwa imekaa pete pete, rangi ya chai.

Hakuinama kutazama. Alitia mkono. Niliona kidole chake kinateremka ukutani, kinasimama, kinarudi nyuma, kinapita tena pale pale. Silinda ya kwanza, ya pili. Ya tatu na ya nne hakuzigusa.

"Hii ni grisi gani?"

"Ya nazi."

Akafuta kidole kwenye kanga. Nje kuku wangu wanapiga kelele, nami namwomba Mungu mdogo wangu anitukane.

"Dada, ulitaka tuiendeshe au tuipike?"

Nikacheka kwa sababu alinipa ruhusa. Kisha nikamtazama uso, nikaacha.

Fundi wa Mombasa alipoelezwa kwa simu alisema hapana, haikerezeki tena. Kutia silinda mpya ndani ya zile za zamani kunawezekana, lakini gharama yake unanunua bloki nyingine. Tukaanza kutafuta bloki nyingine. Mbio za mwaka ule zilifanyika tukiwa tumekaa kwenye kile kiti barazani, kila mmoja anajifanya amesahau ni siku gani.

Mwaka uliofuata alihamia kwangu, kwa sababu gereji ilimshinda. Bloki nyingine ilipopatikana, injini tuliiunga mezani, juu ya gunia. Yeye kwa vidole, mimi kwa macho. Namsomea vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, anasema kaza, anasema legeza. Grisi niliipaka mpaka akalalamika kwamba hata mkate wake wa asubuhi una grisi. Alikuwa mchangamfu sana siku hizo. Nilidhani ni kwa sababu tunakaribia. Siku hizi nadhani alikuwa ananichangamsha mimi.

Ulipobaki kama mwezi mmoja kabla ya mbio, nilitaka kuhakikisha ataiona taa. Nikachukua vifuniko viwili vya ndoo, chekundu na kijani. Saa nne asubuhi, jua kali. Yeye akasimama ukutani pa choo, mimi nikaenda mwisho wa ua.

"Nyekundu," akasema. Kweli. "Nyekundu. Kijani." Kweli. "Kijani." Nilikuwa nimeinua chekundu.

"Sawa," nikamwambia.

"Nyekundu."

Hicho kilikuwa kijani. "Sawa kabisa."

Nikaishusha mikono yote miwili, vifuniko vikalala mapajani.

"Kijani," akasema kwa sauti kubwa.

"Sawa."

Akapapasa ukuta, akageuka upande wa mlango.

"Ulikuwa hujainua kitu, dada. Ungeinua ningesikia bangili zako."

Jioni hiyo hiyo alimpigia mtu wa mbio simu akamwambia nafasi yetu wampe mwingine. Alizungumza kwa adabu, akashukuru, akamwombea heri. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi isiyohitajika na mtu.

Injini tuliifunga garini wiki mbili baadaye. Ni mimi niliyeshikilia tuimalize. Nilijiambia kwamba akiisikia tu inanguruma, jambo lile la panya litakuwa limepata namna ya kufutika. Gari lilisimama uani, mbele ya banda la kuku. Nikamwambia aingie yeye awashe.

"Ingia wewe," akasema. "Mimi nishike huku."

Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Mara ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikashika, na wallahi sijawahi kusikia kitu kama kile. Sufuria zilicheza rafuni, kuku walipaa mpaka juu ya paa. Yeye alikuwa ameinama kwenye boneti iliyo wazi, kiganja kimelala juu ya chuma.

"Ya tatu inachelewa!" akapiga kelele. Akapapasa kabureta ya tatu, akazungusha skrubu nusu, akasikiliza, akarudisha kidogo. Mngurumo ukawa mmoja. Akainua uso, macho yake yametazama juu ya kichwa changu, na akatabasamu vile alivyokuwa akitabasamu alipokuwa mdogo akipewa ukoko wa wali.

Nilizima. Masikio yalikuwa yanavuma. Jirani yangu alikuwa amekuja mpaka penye ukuta na chupa yake tupu mkononi, amesimama kitambo sijui gani. Furaha ilinizidi, nikatoka garini nikamwendea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Umeona alivyofurahi?"

Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa anarudi nyumbani kwa kufuata kamba ya kuanikia nguo. Kisha akanitazama mimi.

"Mwenzio alitaka gari," akasema. "Wewe umemletea redio."