Fundi wa Rangi wa Korogwe na Nyumba ya Dada Mghoi

Nilivuka mpaka kwa ajili ya kuta ambazo hazikuwa zangu. Dada yangu Mghoi aliolewa Handeni, Tanzania, na Mzigua aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wakati watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, shemeji yangu huyo alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma katika kijiji kipya, akaipiga plasta, akafariki kabla ya kuipaka rangi. Dereva mmoja wa lori alituletea salamu za Mghoi hapa Voi. Nimemaliza eda, alisema, na Mzee Sekidio, kaka mkubwa wa marehemu, ameanza kusema kwamba mjane wa kutoka nje atarudi kwao, kwa hiyo nyumba itafutiwe mtu mwingine. Njoo, Wakesho, unisaidie kuipaka rangi, ili waone kwamba ina mwenyewe.

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Nauza nyanya sokoni, na mteja akinisifia nyanya zangu, mimi humwangalia mikono. Nilifunga safari nikiwa na shaka na kila mtu: na dereva aliyeleta salamu, na huyo Sekidio, hata na Mghoi mwenyewe, maana tangu utotoni dada yangu akisema "nisaidie kidogo" ujue utabeba mzigo wote.

Kutoka Voi nilipanda gari la Taveta, nikavuka, nikalala Moshi kwa mtu wa kwetu. Asubuhi nikapanda treni iendayo Tanga. Milima ya Upare ilikuwa kushoto kwetu kutwa nzima, kisha ikaja ya Usambara, na chini yake mkonge, mistari kwa mistari, mpaka macho yakachoka. Bwana mmoja aliyeketi mbele yangu aliniuliza kwa upole mno ninakwenda wapi. Nikamwambia Tanga. Niliposhuka Korogwe alinitazama kupitia dirishani kwa masikitiko, nami nikaona nimefanya vyema.

Korogwe nilifikia Manundu, kwa Bi Mwanahamisi, mama mnene aliyepangisha vyumba. Nilimwambia, "Habari za jioni," naye akaendelea kunitazama tu.

"Kwenu hamna shikamoo?" aliuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa ingia."

Nilimweleza shida yangu. Akaniambia nimechagua wakati mbaya, kwani Saba Saba ilikuwa karibu na mafundi wa rangi wote walikuwa wameshikwa na ofisi za mjini.

"Amebaki mmoja," alisema. "Mmakua. Kavuka Ruvuma juzijuzi, kakimbia vita vya Mreno. Kazi anaijua, kapaka nyumba za wafanyakazi kule shambani. Ila Kiswahili hana."

"Hata kidogo?"

"Ana 'ndiyo'."

Kesho yake asubuhi akaletwa. Alikuwa mwanamume mwembamba, jina lake Amise, na kweli alikuwa na "ndiyo" moja ambayo aliitumia kwa kila jambo. Nilimuuliza kama anaweza kazi. Ndiyo. Nilimuuliza kama atamaliza upesi. Ndiyo. Nikamuuliza, "Wewe ni mwizi?" Akatabasamu, akasema ndiyo.

"Angalau ni mkweli," alisema Bi Mwanahamisi.

Ikabidi tuzungumze kwa mikono. Nilichora nyumba mchangani kwa kijiti. Yeye akachukua kile kijiti, akapiga mstari chini ya madirisha: juu ya mstari akaweka chokaa kidogo, chini yake akaonyesha kopo lake mwenyewe. Lilikuwa kopo kuukuu lisilo na karatasi ya kiwanda, mdomo umefungwa kitambaa, na ndani mlikuwa na rangi nyekundu ya mabati. Mkanda mwekundu chini huficha matope ya mvua, hilo nalijua, hata kwetu tunaupaka. Lakini kopo lisilo na karatasi limetoka wapi? Nilimuuliza. Ndiyo.

Naye alikuwa na shaka zake. Alionyesha barabara ya Handeni, akanionyesha mimi, kisha akapitisha kidole shingoni mwake huku ameinua nyusi. Sikujua kama ananitisha au ananiuliza kama nampeleka kuchinjwa. Nikatikisa kichwa kukataa. Akanitazama sana, naye akatikisa chake. Tukawa tumepatana.

Barabara ya Handeni ilikuwa na vumbi na mashimo, na ndani ya basi Amise alikaa mbali nami, kopo katikati ya magoti. Tulipopita Sindeni kitambaa kilikuwa kimelegea. Mstari mwekundu ukaanza kutambaa sakafuni, ukapita chini ya viti, ukafika miguuni kwa mama mmoja aliyebeba mtoto. Yule mama aliutazama, akamtazama Amise, akamfunika mtoto kwa kanga na kuhamia nyuma. Mtu akamsemesha fundi, naye akajibu "ndiyo".  Basi zima likaanza kunong'ona kwa Kizigua, lugha nisiyoijua, lakini neno moja nililielewa, maana hata Voi tunalo. Mumiani. Ndio wale wanaosemekana huwakamata watu na kuwatoa damu ya kufanyia dawa. Nilitaka kucheka. Kisha nikajiuliza, mimi mwenyewe namjua nani huyu? Nikaangalia nje mpaka tukafika.

Kijijini nilimkuta Mghoi amekonda. Jioni, fundi akiwa ameonyeshwa pa kulala kwenye banda la jikoni, dada aliniambia jambo ambalo hakumwambia dereva. Katika vijiji vile kukandika na kupamba kuta, hata za nyumba ya matofali, ni kazi ya wanawake. Huchanganya udongo, hupaka kwa viganja, na jirani husaidiana bila kuitwa. Tangu amalize eda alikuwa akingoja, na hakuna aliyekuja.

"Mzee Sekidio amewaambia naondoka," alisema. "Hawamkandikii nyumba mtu wa kuondoka."

"Huyo mzee ni nani hasa hapa?"

"Ni shemeji, na ndiye balozi wetu wa nyumba kumi."

Nilimchukia kabla sijamwona.

Asubuhi Amise alisema "Bismillahi", neno la kwanza nililolielewa kinywani mwake ukiacha ile ndiyo, akaanza na chokaa. Kazi yake ilikuwa safi, lazima niseme. Lakini nilikaa kwenye kigoda nikimlinda, na kila alipokwenda nyuma ya nyumba nami nilikwenda. Kufikia jioni kuta zilikuwa nyeupe. Wapita njia hawakutusalimu. Habari za basi zilikuwa zimetutangulia.

Siku iliyofuata alifungua kopo. Alikuwa amepaka nusu ya ukuta wa mbele walipotokea watu, wanaume mbele na mapanga yao ya shamba, wanawake nyuma. Aliyewaongoza alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Hakuhitaji kutambulishwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema upesi.

"Marahaba. Huyu mtu ni nani?"

Wakamuuliza Amise mwenyewe: ametoka wapi, amefuata nini, kuna nini ndani ya kopo. Maskini akaona wamekunja nyuso, akajua "ndiyo" haitafaa leo, akanyamaza. Kunyamaza kukawa kubaya zaidi. Kijana mmoja aliinamisha kopo. Ile rangi ilikuwa imeshika utando juu, na utando ulipopasuka ikatoka nzito, polepole. Mwanamke mmoja akaguna. Niliogopa, sifichi. Amise alikuwa ameuegemea ukuta wake mbichi, na mgongo wa shati lake ulikuwa mwekundu wote.

"Wewe mgeni," Mzee Sekidio aliniambia, "unamjua huyu?"

Jibu la kweli lilikuwa simjui. Niliona wazi kwamba nikilisema, nitapona mimi, na pengine Mghoi, na yeye atabaki peke yake na mapanga yale.

"Nimemleta mimi," nikasema.

"Sikuuliza aliyemleta."

Hapo ndipo Mghoi alipopita katikati yetu.  Alitia mkono ndani ya kopo mpaka kwenye kifundo, akauweka ukutani, akaanza kupaka kwa kiganja, hivi na hivi, kama anavyokandika mwanamke yeyote wa pale. Machozi yalikuwa yakimtoka. Jirani yake, Bibi Mwantumu, ajuza mwenye fimbo, alisogea akaushika mkono ule na kuunusa.

"Inanuka mafuta ya taa," alisema. "Tangu lini damu ikanuka taa?"

"Labda wamechanganya, bibi," kijana alisema.

"Kachanganye na wewe nione kama utapata mnunuzi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua. Bibi Mwantumu akaegemeza fimbo yake mlangoni, akachovya mkono, akapaka karibu na wa Mghoi. Akaja mwingine. Akaja yule aliyeguna. Mapanga yaliteremka yenyewe. Aliyekasirika alikuwa Amise peke yake. Alipoona mkanda wake ulionyooka unaharibiwa alipiga kelele kwa Kimakua, akawa anawafuata na brashi kunyoosha walipopindisha, nao wakimzomea na kupindisha tena. Mzee Sekidio alisimama mbali, mikono nyuma, mpaka kopo likaisha.

Rangi ya mabati haitoki kwa maji. Nilipoondoka, wanawake wa kijiji kile walikuwa bado wakisonga ugali kwa mikono myekundu.

Asubuhi ya kuondoka, Mzee Sekidio alisema atanisindikiza hadi kituoni. Nikajua anataka kuhakikisha nimepanda. Amise alitangulia na brashi zake, nasi tukamfuata. Basi lilipoonekana, mzee alisema, "Ukifika kwenu, waambie wasimngoje Mghoi."

Nilimgeukia. "Kwa nini, mzee? Utamfanya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Wanawake wamekwisha kumkandikia," alisema. "Mimi tena nitasema nini? Ni wa hapa."

Katika basi lile nilijifunza kwamba shaka ya mtu mwingine naijua vizuri kuliko ninavyoujua moyo wangu. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia dada yangu asifukuzwe, nimefanikiwa, na nililia kutoka Handeni hadi Korogwe kwa sababu nimefanikiwa, na sasa hatarudi kwetu. Amise alihama kiti chake, akaja kukaa karibu nami. 

Voi nilimkuta mama ameketi mlangoni na chumba cha Mghoi kimefagiliwa, mkeka umetandikwa. Aliangalia nyuma yangu, barabarani, akangoja.

"Niko peke yangu, mama," nikamwambia. Kisha nikaingia, nikaukunja ule mkeka.